Venal si Venial: Namna ya Kuyatofautisha Maneno ya Kiingereza Yanayofanana Sura

Kosa la hakimu likiitwa “venial”, ni kosa dogo, la kibinadamu, linasameheka. Hakimu mwenyewe akiitwa “venal”, ananunulika: weka bahasha mezani, hukumu inageuka. Kati ya maneno hayo mawili pana herufi moja tu, i, nayo ndiyo inayoamua kama mtu huyo anastahili msamaha au kifungo. Programu ya kusahihisha tahajia haitakuokoa hapo, maana yote mawili yamo kwenye kamusi na kila moja limeandikwa sawasawa.

Kiingereza kina jozi nyingi za namna hii. Zile za kila siku, kama principal na principle, watu huzipata shuleni na kudhani kazi imekwisha. Zinazosumbua ni zile adimu, zinazojificha katika mikataba, hukumu za mahakama, ripoti za hospitali na tahariri za magazeti. Unakutana na neno mara moja, unalitafuta maana, unaridhika; linarudi baada ya miezi minane na umeshasahau ni lipi kati ya mawili.

Njia iliyozoeleka ni kuchora jedwali, neno hili kushoto, lile kulia, kisha kukariri. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia mbovu kuliko zote. Maneno uliyoyakariri pamoja hukaa pamoja kichwani, na siku unapolihitaji moja yanakuja yote mawili. Afadhali kuyatenga. Kila neno lirudishe kwenye ukoo wake, ulione likiwa limekaa na ndugu zake wa kweli, na hapo utagundua kwamba lile linalofanana nalo mara nyingi si ndugu yake hata kidogo.

Venal limetoka kwenye neno la Kilatini venum, maana yake mauzo. Ndugu yake unayemjua ni vendor, muuzaji. Venial limetoka kwa venia, msamaha. Wakatoliki wanaijua dhana hii tangu mafundisho ya komunyo ya kwanza: katekisimu hutenganisha dhambi ya mauti na dhambi nyepesi, na hiyo nyepesi ndiyo inayoitwa venial kwa Kiingereza. Aliyekwisha kumwona vendor ndani ya venal hana haja ya jedwali tena.

Yalifananaje hivi?

Mwaka 1066 Wanormani kutoka kaskazini mwa Ufaransa waliiteka Uingereza, na kwa karne kadhaa lugha ya ikulu na ya mahakama ikawa Kifaransa. Maneno mengi ya Kilatini yaliingia Kiingereza kwa njia hiyo, yakiwa yameshapita vinywani mwa Wafaransa na kupoteza silabi zake njiani. Baadaye, hasa katika karne ya 15 na ya 16, wasomi waliyafuata tena maneno ya Kilatini, safari hii moja kwa moja vitabuni. Kwa hiyo shina moja liliweza kuingia mara mbili, kwa sura mbili na maana mbili. Na mashina mawili yasiyohusiana yaliweza kusagwa na matamshi hadi yakafanana.

William Caxton alianzisha uchapaji wa vitabu Uingereza mwaka 1476. Tahajia ikaanza kuganda polepole huku matamshi yakiendelea kwenda zake, na irabu zisizokazwa zikimezwa. Mwingereza akitamka discreet na discrete husikii tofauti yoyote. Akitamka immanent na imminent haraka haraka, utahangaika.

Hapa sisi tunayo nafuu ambayo walimu wa Kiingereza hawaisifu. Mwanafunzi wa Kiswahili husoma kila irabu. Ndivyo tulivyojua kuandika Wednesday, kwa kulitamka kimoyomoyo “we-dne-sday” ilhali mdomoni tukisema vingine. Fanya hivyo kwa immanent: i-ma-nent, yenye ma, imminent: i-mi-nent, yenye mi. La kwanza lina ndugu katika remain, kubaki, na ni neno la wanateolojia wanaozungumzia Mungu aliyemo ndani ya viumbe vyake. La pili ni la kitu kinachoning'inia juu ya kichwa chako, hatari iliyo karibu kukuangukia. Eminent nalo, mtu mashuhuri, latokana na kuchomoza, kuonekana juu ya wengine. Matamshi ya namna hiyo yangechekesha kwenye mahojiano ya kazi, lakini kwenye daftari yanafanya kazi vizuri.

Discreet na discrete zilikuwa neno moja. Yote yametokana na discretus ya Kilatini, kilichotengwa. Katika Kiingereza cha zamani tahajia zilichanganywa bila mpangilio, kisha kuanzia karne ya 16 zikagawana kazi. Discrete ikabaki karibu na maana ya asili: vitu vilivyotengana, kimoja kimoja, kama idadi ya watoto darasani, ambayo huwezi kuihesabu kwa nusu. Discreet ikaenda kwa mtu: anayejua kutenga la kusema na la kunyamazia, msiri. Nomino ndizo zinazokupa mwanga zaidi. Discretion ni ya msiri na ya hakimu, ule uhuru wa kuamua kwa busara yake; discreteness ni ya hisabati. Walimu hupenda kusema kwamba katika discrete herufi t imezitenga e mbili. Hila hiyo ni nzuri, itumieni.

Complement na compliment zina hadithi kama hiyo: zote zimetokana na kitenzi cha Kilatini cha kujaza, ila ya pili ilizunguka kupitia Kihispania, Kitaliano na Kifaransa, ikarudi ikiwa na maana ya maneno ya adabu, yaani kutimiza wajibu wa heshima. Ndiyo maana tiketi ya “complimentary” ni ya bure, ya heshima, na pembe za “complementary” ni zile mbili zinazojaziana hadi nyuzi 90.

Maneno ya sheria

Mwaka 2021 Tanzania ilibadilisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Wafasiri walijikuta na mlima wa sheria zilizotungwa kwa Kiingereza, na ndani yake wamejaa watu wawili hawa: prescribe na proscribe.

Shina ni moja, scribere, kuandika. Tofauti iko kwenye kiambishi. Prae- ni kabla: kuandika kabla, kuweka utaratibu ambao wengine wataufuata. Ndiyo sababu daktari “anaprescribe” dawa, na ndiyo sababu kanuni za sheria zimejaa “prescribed form” na “prescribed fee”, fomu na ada zilizowekwa rasmi. Pro- hapa ni mbele za watu: kuandika na kubandika hadharani. Kwa Warumi ulikuwa mtindo wa kawaida wa kutangaza mali inayouzwa, hadi jenerali Sulla alipoutumia kwa kazi nyingine. Mwaka 82 KK, baada ya kuushika mji wa Roma kwa nguvu za jeshi, alibandika orodha za majina ya maadui zake. Aliyeandikwa jina aliweza kuuawa na yeyote, muuaji akalipwa, na mali ya marehemu ikanadiwa. Tangu hapo neno halikutakata. Kikundi kikiwa “proscribed” kimepigwa marufuku, na mwanachama wake anaweza kwenda jela.

Mfasiri akichanganya pre- na pro-, sentensi inageuka kichwa chini miguu juu: kinachoagizwa kinakuwa kinachokatazwa. Hakuna jozi nyingine katika makala haya yenye hatari ya kisheria kubwa kama hiyo. Na jambo la kupendeza ni kwamba ukishafasiri hatari yote inayeyuka, maana “kilichoelekezwa” na “kilichopigwa marufuku” havifanani hata kidogo. Kazi yote iko kwenye kusoma.

Ordinance na ordnance nazo zilianza kama neno moja lenye maana ya mpangilio. Ordinance ikawa sheria ndogo au amri. Wazee waliosoma sheria za kikoloni wanaikumbuka: huko Tanganyika palikuwa na Land Ordinance ya mwaka 1923, iliyodumu hadi ilipofutwa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, na Kenya ilikuwa na Crown Lands Ordinance za mwaka 1902 na 1915. Ordnance, iliyopoteza i yake, ilikwenda jeshini. Mpangilio wa vita ukawa vifaa vya vita, kisha mizinga na risasi zake. Mabomu yaliyobaki ardhini bila kulipuka huitwa “unexploded ordnance”, na mwandishi wa habari akiongeza i kwa bahati mbaya atakuwa ameripoti kwamba wanajeshi wametegua sheria ndogo.

Kuna swali ambalo msomaji wa ramani hujiuliza: kwa nini shirika la ramani la Uingereza linaitwa Ordnance Survey? Kwa sababu lilianza mwaka 1791 chini ya bodi iliyosimamia mizinga na ngome. Waingereza walihofia uvamizi kutoka Ufaransa, wakataka pwani yao ya kusini ipimwe vizuri ili jeshi lijue vilima na barabara. Ramani ilikuwa kifaa cha vita kama mzinga wenyewe.

Wasomaji wa Goma na Lubumbashi wanamjua ndugu wa tatu, ordonnance ya Kifaransa, ambayo kwao ni karatasi ya dawa kutoka kwa daktari na pia ni amri inayotiwa saini na Rais. Kiingereza nacho kimeikopa hiyo hiyo kwa maana ya nadra kabisa, mpangilio wa sehemu za jengo au za mchoro. Ukiikuta kwenye kitabu cha usanifu, usidhani mpiga chapa amekosea.

Muongo na ombaomba

Mendacity ni uongo. Mendicity ni kuombaomba. Katika London ya mwaka 1818 kilianzishwa chama cha kukomesha mendicity mitaani; wafadhili wake walipewa tiketi za kuwagawia ombaomba badala ya fedha, na mwenye tiketi alikwenda ofisini kuhojiwa na kupewa chakula. Msomaji wa leo akilisoma vibaya jina la chama hicho atadhani Waingereza walijaribu kufuta uongo London nzima.

Ndugu wa mendicity ni mendicant, na hilo ndilo jina la mashirika ya kitawa yaliyoanza karne ya 13, Wafransisko na Wadominiko, ambao watawa wake walikataa kumiliki mali na kuishi kwa sadaka. Ndugu wa mendacity ni mendacious, msema uongo.

Ila safari hii ukipanda juu zaidi kwenye ukoo, wanakutana. Mendax, muongo, na mendicus, maskini anayeomba, yote hufuatwa hadi kwenye mendum, kasoro. Wa kwanza ana kasoro ya ulimi. Wa pili, mwanzoni, alikuwa mwenye kasoro ya mwili, kiwete au kipofu, kisha yeyote aliyelazimika kunyoosha mkono. Na hapo hapo kwenye kasoro ndipo walipozaliwa amend na emend, jozi nyingine inayowatesa wahariri. Zote ni kuondoa kasoro. Emend imebaki vitabuni: ni kazi ya mhariri anayechukua mswada wa kale, tuseme utenzi ulionakiliwa kwa herufi za Kiarabu na mwandishi aliyechoka, akaona neno lililoharibika na kulirudisha katika hali anayoamini mtunzi aliiacha. Amend ilipitia Ufaransa, ikapanuka: unaamend sheria, katiba, mkataba, hata tabia, na si lazima kilichokuwapo kiwe kimekosewa. Bunge likibadilisha katiba halisemi kwamba waliotangulia walinakili vibaya. Kwa hiyo mwanasheria anayeandika kwamba amefanya “emendation” ya mkataba amejipa, bila kujua, cheo cha mtaalamu wa miswada ya kale.

Muungwana na fundi

Jozi ninayoipenda kuliko zote ni ingenious na ingenuous.

Ingenious ni mwenye akili ya kubuni, stadi. Limetokana na ingenium, kipaji cha kuzaliwa nacho, na ndugu zake wapo hata katika Kiswahili: injini na injinia vimetokea huko huko. Injini ilikuwa kwanza ubunifu, kisha kitu kilichobuniwa.

Ingenuous limetokana na ingenuus, na katika sheria ya Roma neno hilo lilikuwa na maana maalumu: mtu aliyezaliwa huru, tofauti na mtumwa na tofauti pia na mtumwa aliyeachwa huru. Mswahili hahitaji maelezo marefu ya neno hili, kwa sababu analo lake. Muungwana katika miji ya pwani alikuwa mtu huru, asiyekuwa mtumwa. Katika misafara ya karne ya 19 wafuasi wa wafanyabiashara wa pwani waliokwenda bara walijiita waungwana, ingawa wengi wao walikuwa watumwa au wametoka utumwani, na huko mashariki mwa Kongo Kiswahili walichokipeleka kikaitwa Kingwana. Leo ukimwita mtu muungwana hakuna anayefikiri juu ya utumwa. Unasema ni mstaarabu, mpole, mwenye adabu.

Waroma walipita njia ile ile: aliyezaliwa huru, halafu mwenye tabia ya aliyezaliwa huru. Tofauti ni tabia waliyoichagua. Sisi tulichukua adabu. Kiingereza kikachukua uwazi, mtu asiye na sababu ya kuficha lililo moyoni kwa kuwa hana bwana wa kumwogopa. Baada ya hapo uwazi ukateleza kuelekea ujinga: mtu muwazi mno, asiyejua hila za dunia, anayeamini kila kitu kama mtoto. Ingenuous ya leo ni hiyo, nusu sifa na nusu huruma. Kinyume chake, disingenuous, ndicho unachokisikia zaidi katika siasa: anayejifanya hajui ilhali anajua sana, anayejibu swali ambalo hakuulizwa.

Sasa angalia nomino. Ingenuity, kwa umbo lake, ni mali ya muungwana. Imetokana na ingenuitas, hali ya kuzaliwa huru. Lakini maneno haya mawili yalichanganywa mno katika karne ya 16 na ya 17, na waandishi wa wakati wa Shakespeare waliyabadilishana bila aibu, hadi ingenuity ikahamia kwa fundi na kubaki huko. Leo ni ubunifu, ustadi. Muungwana aliyenyang'anywa nomino yake ilibidi ashonewe nyingine, ingenuousness, ndefu na isiyopendeza mdomoni. Kwa hiyo ukitegemea umbo peke yake utapotea: anayefuata ukoo lazima akubali kwamba kuna mali zilizobadilishana wenyewe kwa makosa, na makosa yakishakubaliwa na kila mtu kwa miaka mia tatu yanakuwa sarufi.

Wodini

Kwenye tiba fumbo la herufi linakuwa jambo la uhai. Mashina ya huko ni ya Kigiriki kwa sehemu kubwa.

Mgonjwa wa kiharusi anaweza kuandikiwa dysphagia au dysphasia, au zote mbili. Herufi moja, g au s. Shina la kwanza ni phagein, kula. Ndugu yake ni esophagus, umio. Shina la pili ni la kusema, na ndugu zake ni aphasia, kupotewa na usemi, na prophet, nabii, anayesema mbele za watu. Mwenye dysphagia hawezi kumeza vizuri. Ukimpa kikombe cha maji, yanaweza kuingia mapafuni na kumletea nimonia. Mwenye dysphasia anayameza maji bila shida, ila hana njia ya kuyaomba. Ndugu anayekaa kando ya kitanda akisoma vibaya karatasi, mmoja atabaki na kiu na mwingine atapaliwa.

Hyper- na hypo- ni juu na chini. Zikitamkwa haraka kwenye simu, hyperglycaemia na hypoglycaemia hazitofautiani vya kutosha, na tiba ya moja ni sumu ya nyingine: huyu anahitaji insulini, yule anahitaji sukari sasa hivi. Wauguzi wetu wanaomwambia mgonjwa “sukari imepanda” na “sukari imeshuka” wanatumia lugha salama zaidi kuliko iliyo kwenye jalada.

Majina ya dawa yameleta shida hii hata kwa wenye Kiingereza chao. Chlorpromazine ni dawa ya magonjwa ya akili. Chlorpropamide ni ya kisukari, na mtu asiye na kisukari akipewa, sukari yake itashuka kwa hatari. Mwaka 2001 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilianza mpango wa kutofautisha majina ya namna hii kwa kukuza herufi za sehemu inayotofautiana: chlorproMAZINE na chlorproPAMIDE, hydrALAZINE na hydrOXYzine. Ukiona lebo ya dawa yenye herufi kubwa katikati ya neno, hakuna aliyekosea kuchapa. Wameacha kumtegemea msomaji ajue mizizi. Wanamwonyesha kwa nguvu mahali pa kuangalia.

Bei na maombi

Depreciate ni kushuka thamani. Shina lake ni pretium, bei, na ukoo wake ni mkubwa: price, precious, appreciate, hata praise. Wahasibu wanalijua kama uchakavu wa mali, na wachumi wanalitumia kwa shilingi inayoporomoka mbele ya dola. Deprecate halihusiani na bei hata kidogo. Limetokana na precari, kuomba, kusihi: kuomba jambo lisitokee, hivyo kulipinga. Ndugu yake ni precarious, kitu ulichopewa kwa kuomba na kinachoweza kuchukuliwa wakati wowote, yaani hali isiyo na uhakika.

Waandishi wa programu za kompyuta wanaliona neno “deprecated” kila siku. Amri ya zamani bado inafanya kazi, lakini walioitengeneza wanakusihi usiitumie tena kwa sababu iko njiani kuondolewa. Wengi wao hudhani ni kwamba imepungua thamani. Haijapungua, imeombewa mabaya, tena kwa heshima. Hata hivyo deprecate imeshaanza kumeza kazi ya mwenzake: mtu anayejishusha kwa utani leo ni “self-deprecating”, ilhali zamani ilikuwa “self-depreciating”, na kimantiki hiyo ya zamani ndiyo iliyokuwa sawa. Usimsahihishe mtu hapo. Vita hiyo imekwisha.

Katika ukoo wa bei yumo pia appraise, kukadiria thamani, ambaye watu humchanganya na apprise, kutaarifu. Apprise ni wa ukoo wa Kifaransa wa kujifunza na kufundishwa, sawa na apprentice. Barua nyingi za kazi huandikwa “please appraise me of the progress”, na bosi aliyeiandika, kwa maneno yake mwenyewe, anaomba apangiwe bei.

Pale mizizi inapokwisha

Kuna maneno ambayo ukoo wake haujulikani, na hapo mbinu yangu inagonga ukuta. Flaunt ni kuringishia, kutembeza mali mbele za watu. Flout ni kukaidi sheria waziwazi, kwa dharau. Waandishi wa magazeti huandika “flaunt the law” kila kukicha. Flout huenda ilianza kwenye kupiga filimbi kwa kumzomea mtu. Asili ya flaunt haijulikani. Ukiishika hiyo ya kuzomea utaokoka. Vinginevyo kariri tu.

Founder na flounder zina nafuu kidogo. Founder imetokana na fundus, chini, ikiwa na ndugu foundation na profound: chombo kinajaa maji na kwenda chini. Flounder ni kutapatapa. Kwa anayefasiri habari za kimataifa tofauti hii si ndogo. Mazungumzo ya amani “yakifounder” yamekufa. “Yakiflounder” bado yapo, yanasuasua, na kesho wajumbe watarudi mezani. Turbid na turgid nitazipita haraka: la kwanza ni maji yaliyovurugwa, ndugu yake disturb, la pili ni kilichovimba, kama seli ya mmea iliyojaa maji au kama tahariri iliyojaa maneno makubwa.

Jozi ya mwisho si ya Kilatini wala ya Kigiriki, ni ya Kiingereza chenyewe. Forgo ni kuacha, kujinyima. Kiambishi chake for- kina maana ya kuachana na jambo, kama katika forsake na forbid. Forego ni kutangulia. Fore- ni mbele, kama katika forehead, paji la uso. Ndiyo iliyomo katika “the foregoing” ya mikataba, yaani yaliyotajwa hapo juu, na katika “foregone conclusion”, jambo lililokwisha kuamuliwa kabla ya kikao. Lakini kamusi nyingi sasa zinaikubali forego pia kwa maana ya kujinyima. Kwa hiyo kifungu kikisema mpangaji “foregoes” haki yake ya kurudishiwa amana, usifuate tahajia. Mpangaji hatangulii popote, na amana yake hairudi.